Mvumo wa gitaa la umeme: jinsi nilivyoutatua

Gitaa langu la kwanza la umeme lilikuja katika sanduku, vipande vitupu. Kwa kuwa niko Tabora, ambako mninga haupatikani kwa shida, niliamua kuchonga kiwiliwili kipya cha mti huo badala ya kile chepesi kilicholetwa. Uamuzi huo ndio ulioniponza.

Nilipoliunganisha na amplifaya, lilivuma kama nyuki waliochokozwa. Nikigusa nyuzi, mvumo ulibaki vilevile. Nikigusa chuma cha tundu la kuchomekea waya, ulipungua ghafla. Fundi redio niliyempelekea aliuliza swali moja tu: "Kijana, daraja lako lina ethi?" Yaani, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye kiwiliwili kimeunganishwa kwa waya na chuma cha tundu?

Tulipima kwa multimita kati ya nyuzi na chuma cha tundu lile, na mshale haukutikisika: hapakuwa na muunganiko. Kiwiliwili cha awali kilikuwa na kitobo chembamba kinachopitisha waya kutoka kwenye kidhibiti cha sauti hadi chini ya daraja, nami katika kuchonga kwangu nilikisahau kabisa.

Nilitoboa kwa mshazari, kwa keekee ya milimita 3, nikapitisha waya, nikachuna ncha yake sentimita 2, nikazitandaza nyaya zake kama ufagio na kukwangua vanishi mahali daraja linapokalia. Ncha ya pili niliilehemu mgongoni mwa kidhibiti. Kipimo kilishuka chini ya omu 1. Mvumo mdogo wa hezi 50, ule wa umeme wa nyumbani, ungalipo, kwani sumaku za koili moja zinazonasa mtetemo wa nyuzi ndivyo zilivyo, lakini nikigeuka ubavu kwa amplifaya hufifia.