Ile slabu ya Julai pale Uthiru

Hiyo slabu, yaani ile sakafu ya konkriti ya juu, ilifaa imwagwe Mei, mvua ikakataa, pesa nazo zikaanza kupotea njiani, mwishowe tukajipata Julai na ile baridi ya Nairobi mnaijua, mawingu wiki mzima, asubuhi digrii kumi na kitu hivi, vibarua wamevaa majaketi mawili na bado wamekunja mikono. Mwenye nyumba alitaka tuanze saa kumi na mbili asubuhi ndio kazi iishe mapema, foromani akamwambia hapana boss, tunaanza saa nne.

Huyo foromani alikuwa mzee wa maneno machache, lakini ukimgusia simiti anaongea mpaka chai inapoa. Alituambia simiti haikauki kama nguo, inashikana na maji, na hiyo kazi inatoa joto lake yenyewe, sasa ukiipea vitu baridi inazubaa, na chini ya digrii tano hivi ni kama imelala. Injinia kijana mwenye alikuwa anakuja kukagua nyumba akasema kwenye nchi za theluji kama Kanada maji yanaganda ndani ya konkriti ikiwa bado changa, barafu inapanuka kama asilimia 9 na kuipasua kutoka ndani. Kwetu haifiki huko. Kwetu ni kuchelewa tu, mtu wa kupiga finishi anangoja mpaka usiku na tochi mdomoni.

Basi jioni tukafunika mchanga na balasti na turubai zisilale nje kwa umande. Asubuhi mzee akawasha moto wa vipande vya mbao chini ya dramu ya maji, watu wakacheka eti anapika githeri. Mimi nilikuwa kwa mikisa, na sheria yake ilikuwa moja, maji moto yaanze na mchanga na balasti, yazunguke kwanza, simiti iingie mwisho, juu simiti ikikutana na maji yanachemka inashika hapo hapo unabaki na mabonge. Tena tulitumia simiti ya daraja la nguvu 42.5, si 32.5, hiyo inapata nguvu mapema. Watu wa wilbaro walilalamika mchanganyiko ni mgumu, mmoja akajaribu kuongeza maji kisiri, weh, mzee alipiga kelele majirani wakatoka nje.

Kusema ukweli yale maji moto naona yalikuwa na mbwembwe kiasi, Nairobi si Kanada. Kilichosaidia ni kuanza baridi ikiwa imepungua, na kukataa maji ya ziada.

Saa nane tulikuwa tumezima poka, ile mashine ya kutetemesha konkriti ishikane vizuri, finishi ikaisha kabla giza, tukatandika nailoni na magunia juu.

Vita ilikuja na propu, zile nguzo za kushikilia slabu kutoka chini. Wiki ilikuwa haijaisha vizuri mwenye nyumba akataka zirudishwe zilikokodishwa, kila siku ni pesa, mzee akamwambia boss, hata Januari ningekataa, na hii baridi ndio kabisa. Zile kyubu za injinia za siku 7, vipande vya konkriti vya kupima nguvu, zilipondwa zikatoka sawa lakini bado akagoma, akangoja za siku 28. Siku ya kutoa propu mwenye nyumba alipita chini shingo juu akitafuta nyufa, akakosa, akauliza sasa floo inayofuata tunamwaga lini.

"Septemba boss, mbao zangu za moto zimeisha."