Klarineti niliyokuwa naiona tu

Jana jioni ndo nimesikia klarineti, ile ala ndefu ya kupuliza. Najua kuna mtu atasema kwani we hukukulia barracks ya polisi Nsambya hapa Kampala, bendi si mlikuwa mnaiona kila mara? Ndiyo, tulikuwa tunaiona. Tarehe 9 Oktoba kila mwaka, siku ya uhuru wa Uganda, watoto tulikuwa tunafuata bendi mpaka miguu inauma, na wapiga klarineti wapo hapo na buti zao zinang'aa, vidole vinakimbia kweli kweli, lakini ukiwa nje kwenye uwanja tarumbeta na lile drum kubwa vinafunika kila kitu. Kwa hiyo mimi miaka yote klarineti nimeijua kwa macho.

Jana ilikuwa sebuleni. Mama mmoja anayekaa Muyenga alialika watu wachache, makochi yakasukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa, hakuna jukwaa, hakuna spika, hakuna maiki. Violini mbili, viola ambayo ni kama violini kubwa kidogo, selo ile kubwa ya nyuzi inayopigwa mtu akiwa amekaa, na klarineti, basi. Nilienda na Afande, jirani yetu wa zamani ambaye alipiga klarineti kwenye bendi mpaka akastaafu, jina lake analo lakini sisi watoto wa barracks tutamwita Afande mpaka mwisho. Mvua ilikuwa imepiga mchana, jamu ya Ggaba Road mnaijua, tulifika watu wameshakaa tukapewa viti vya mbele kabisa ambavyo hakuna aliyevitaka, na nashukuru Mungu kwa hivyo viti maana nilikuwa naweza kumgusa mpiga klarineti magoti.

Walipiga ile kwinteti, yaani muziki wa ala tano, ya mtunzi Mozart ya mwaka 1789, aliyomwandikia rafiki yake Anton Stadler. Mozart mwaka huo alikuwa na madeni, anaandika barua za kuomba mkopo kwa marafiki, na miaka miwili baadaye akafariki akiwa na miaka 35. Ukijua hivyo halafu usikilize jinsi inavyoanza, nyuzi zinaingia zimetulia, klarineti inatoka chini inapanda inashuka tena bila haraka yoyote, unajiuliza huyu mtu utulivu huo aliutoa wapi.

Sasa kitu ambacho uwanjani hutakipata kamwe ni pumzi. Nilikuwa naisikia pumzi ya yule dada mpiga klarineti kabla ya noti haijatoka, hewa inaingia, kimya kidogo, halafu sauti inaanza kutoka pasipo kitu, huwezi kusema hapa ndo imeanzia. Na vile vifuniko vya chuma vinavyoziba matundu vinatoa mlio mdogo sana vikifunga, tk tk. Kwenye sehemu ya pili, ile ya polepole, wenzake wa nyuzi wanaweka kile kidude cha kupunguza sauti juu ya daraja la violini, klarineti inabaki peke yake mbele, na humo chumbani hata mtu aliyekuwa na kikohozi alikibana. Nililia. Sijui niseme nini zaidi, nililia tu na sikujificha.

Afande akaniinamia akasema, "Binti yangu, sikiliza chini." Alimaanisha zile sauti za chini kabisa za klarineti, nzito, nyeusi, yaani hufikiri ni chombo kile kile kilichokuwa kinaimba juu sasa hivi. Baadaye wakati wa chai akanieleza. Kuna kitufe nyuma cha kidole gumba cha kushoto, ukikibonyeza vidole vingine vikiwa pale pale sauti hairuki oktavu moja, yaani mpaka noti ya nane, kama endere ya Waganda au filimbi, inaruka mpaka noti ya kumi na mbili. Ndo maana huku chini na kule juu ni kama watu wawili wanaokaa nyumba moja. Na Mozart analijua hilo, anawaacha hao wawili wajibizane.

Kwenye ile minueti, sehemu ya tatu yenye mwendo wa dansi, kuna kipande klarineti inanyamaza kabisa, wanapiga wa nyuzi peke yao. Wengi walikuwa wanaangalia violini, mimi nikawa namwangalia dada. Alilaza klarineti magotini, akapuliza unyevu chini ya vifuniko viwili, akaitia ile ridi mdomoni isikauke, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka ndo kitoe sauti, macho yake muda wote yapo kwa wenzake, anahesabu. Hakuwa amepumzika hata kidogo, alikuwa bado anapiga ila kwa kimya. Huo ndo muziki wa chumbani kwa mtazamo wangu, hamna kondakta wa kusimama mbele akawaongoza, kila mtu anamsikiliza mwenzake mpaka mwisho.

Halafu Afande akamwomba aishike. Dada akampa bila wasiwasi. Akaigeuza, akaipima kwa mkono, akasema, "Mpingo huu." Kweli ni mpingo, mti ule ule wa vinyago vya Wamakonde, mzito mpaka ukiutupa majini unazama, na mwingi unaotengenezewa klarineti duniani unatoka Tanzania na Msumbiji. Mti wenyewe unachukua miongo mingi kukomaa. Yaani ulikatwa huku kwetu, ukaenda Ulaya ukatobolewa, ukarudi Muyenga unaimba Mozart. Afande alikaa nao mkononi muda mrefu, wakaanza kuongea habari za ridi na yule dada, jinsi zinavyopatikana kwa shida hapa Kampala, na jinsi enzi zao walikuwa wanazikwangua kwa wembe ili zidumu.

Mama mwenye nyumba amesema wanataka kufanya ile kwinteti ya Brahms. Mzee Brahms, mtunzi Mjerumani, mwaka 1890 alishaamua kuacha kutunga, akamsikia Richard Mühlfeld akipiga klarineti, na mwaka 1891 akawa ameshamwandikia trio ya ala tatu na hiyo kwinteti. Afande asubuhi kanitumia meseji WhatsApp anauliza kama siku hiyo ntampitia tena. Nikamjibu, Afande, hilo hata usiulize, ntakuja mapema tupande taksi kabla ya jamu, na vile viti vya mbele tuvikamate sisi.