Dakika tatu

Jumanne usiku. Nimerudi sasa hivi kutoka kikao cha baraza la mji, viatu vimeloa theluji na vidole bado vina ganzi, lakini nisipoandika leo nitaishia kusimulia jikoni na kusahau.

Nilikwenda kwa sababu ya gari, tena si langu. Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye alinipigia alfajiri akihema: "Dada, balibeba motokari yangu!" Alidhani imeibiwa. Kumbe usiku ule theluji nzito ilikuwa inatarajiwa, na huku jimbo la Maine, Marekani, ikitarajiwa hivyo, mji hupiga marufuku kuegesha barabarani usiku ili magreda yapite. Usipoondoa gari linavutwa hadi yadi, na kulikomboa ni pesa. Tangazo lilikuwa limetumwa kwenye simu, kwa Kiingereza. Mama wa watu alitoka zamu saa tano, akaegesha, akalala.

Mimi nilimwambia tulipe yaishe. Ndivyo nilivyo. Miaka tisa nipo hapa, ofisi ya mji nimeingia mara mbili tu, zote kulipia kitu. Aliyekataa ni yeye. Alilipa, kisha akatafuta namba ya diwani, mwanamke mweusi peke yake kwenye baraza letu, akamwandikia kwa Kifaransa. Akajibiwa siku ileile: njoo useme mwenyewe, Jumanne saa moja jioni, uje na mtu wa kutafsiri. Huyo mtu wa kutafsiri ndiye mimi.

Sikujua kama udiwani unachosha namna hii. Saa nzima ilikwenda kwenye mabomba ya maji ya mvua. Mzee mmoja alilalamikia uzio wa jirani yake huku ameshika picha. Mtu akauliza kwa nini maktaba inafungwa mapema. Diwani wetu alikuwa na makabrasha yaliyojaa vikaratasi vya njano, na kwenye habari ya mabomba aliuliza maswali matatu yaliyoonyesha wazi kuwa makabrasha yale wenzake hawakuyasoma. Nilikuja nikidhani nitamwona akitetea watu weusi. Muda mwingi alikuwa anatetea mtaro.

Zamu yetu ilipofika, sheria ni dakika tatu kwa kila mwananchi. Mama akaanza, nikatafsiri, akaendelea, nikatafsiri. Hapo ndipo nilipogundua kuwa dakika tatu zikitafsiriwa ni dakika moja na nusu. Saa nyekundu ukutani inahesabu kurudi nyuma, mimi nimeanza kumeza maneno ya mwenzangu ili tuwahi. Diwani akanyoosha mkono, akamwomba mwenyekiti saa isimamishwe kila ninapofungua mdomo mimi. Ombi lenyewe halikuchukua hata sekunde kumi. Mwenyekiti akakubali, na mama wa Bukavu akasema yote aliyokuja nayo, mpaka la yule mtoto wake aliyekwenda shule kwa miguu kwenye baridi ile.

Njiani nikawa namfikiria Deqa Dhalac wa South Portland, mji mwingine humu Maine. Alizaliwa Mogadishu, akaja Marekani mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaingia baraza la mji mwaka 2018. Mwezi Desemba 2021 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya, kwa maana kule meya hutoka miongoni mwa madiwani. Magazeti yalimshangilia: Msomali wa kwanza kuwa meya nchini Marekani. Lewiston nako, mwaka 2019, Safiya Khalid alishinda udiwani akiwa na miaka 23, baada ya kutukanwa mtandaoni na watu ambao wengine hata Maine hawaishi. Mji huohuo, mwaka 2002, meya wa wakati ule aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuhamia. Miaka kumi na saba tu kutoka barua ile hadi Safiya kukaa mezani.

Lakini hilo neno "wa kwanza" linanichosha kidogo. Siku ya kwanza ni picha na maua. Kinachofuata ni miaka ya Jumanne, na Jumanne hazipigwi picha.

(Nikiandika "mwanamke mweusi" najishtukia. Kwetu Usambara nilikuwa Msambaa, basi. Weusi nilikabidhiwa uwanja wa ndege wa Boston, nadhani na Wasomali hawa walikabidhiwa hivyohivyo, na sasa tunautumia wote kama kanga ya kuazimana.)

Aliyenijia kichwani zaidi ni shangazi yangu. Alikuwa diwani wa viti maalum vipindi viwili. Wanaume wa kwetu walimwita "diwani wa kupewa", kwa kuwa viti vile hutoka kwenye orodha ya chama wala si kwenye kura ya kata. Yeye ndiye aliyekuwa anagongewa hodi saa kumi na moja alfajiri: mjamzito hana usafiri, bomba la shule limepasuka, msiba hauna sanda. Diwani wa kuchaguliwa alikuwa anaishi Tanga mjini. Nilipokuwa msichana niliona haya kwa kelele zile za barazani, nikaapa siasa sitazigusa. Nimekitimiza kiapo vizuri mno. Hata kura sina, maana bado ni mkaazi, si raia. Jirani zetu wa Portland walipigia kura mwaka 2010 pendekezo la kuwaruhusu wakaazi halali kama mimi kupiga kura za mji, likashindwa kwa tofauti ndogo. Nilipolisoma hilo nilifarijika, naungama. Lilinipa kisingizio. Ila dakika tatu hawaulizi pasipoti, na fomu ya uraia ipo kwenye droo tangu Machi mwaka juzi.

Kuhusu gari: baraza limesema litatazama suala la kutuma matangazo kwa lugha nyingine. "Litatazama." Pesa ya yadi hairudi. Mama wa Bukavu ameshauliza kikao kijacho ni lini.

Nimemtumia shangazi ujumbe wa sauti, dakika kumi nzima, nikamweleza yote, saa nyekundu, mtaro, vikaratasi vya njano. Kwao ni alfajiri, ameamka kuswali. Amejibu mara moja, sauti bado ina usingizi:

"Mwanangu, na huyo diwani wenu, posho ya kikao wanampa shilingi ngapi?"