Siku moja Majengo, na kinasa sauti mfukoni

Saa kumi na mbili asubuhi. Kinasa sauti kimelala kwa jirani mwenye sola, maana umeme wa mtaani kwetu una ratiba yake isiyoandikwa popote. Nakichukua, naongeza betri mbili za akiba, fomu za ridhaa, kidau cha wino kwa wasiosaini, na mwongozo wa maswali wa kurasa mbili. Ndugu zangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wakisikia "utafiti wa afya" wanadhani ninatoa watu damu. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza.

Saa mbili. Ofisini. Tunaulizwa wamebaki wangapi wa kuhojiwa. Tunajibu kwamba tutaacha majibu yakianza kujirudia. Mwenzetu wa takwimu hajatusamehe jibu hilo mpaka leo.

Saa nne. Moto, yaani pikipiki ya abiria, imenishusha mtaa wa Majengo, suruali imejaa vumbi jeusi la volkano. Mwenyeji wangu ni mama wa makamo, muuza sombe (majani ya muhogo), mwenye tansio, yaani shinikizo la juu la damu. Namsomea fomu yote, anaweka dole gumba, tunaanza.

"Dawa unakunywa namna gani, mama?"

"Nakunywa. Kila siku."

Kwenye dodoso ningetia tiki hapo na kwenda zangu. Nikamwomba anisimulie jana tu, tangu alipoamka. Akaanza: kupanga foleni ya maji, kutwanga sombe, soko la Virunga, deni la mteja mmoja mkorofi, kupika, kulala. Siku nzima ikaisha, dawa haikutokea.

"Na dawa, mama?"

Akacheka, akafungua pindo la kitenge na kutoa kifuko cha nailoni. Vidonge vya mwezi uliopita, zaidi ya nusu bado vimo. "Jana kichwa haikuniuma, mwanangu. Ninywe ya nini?"

Kwa daktari tansio ni namba: vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, unayo, hata usiposikia chochote, na wengi hawasikii. Kwa mama huyu tansio ni kisogo kukaza na moyo kudunda. Siku mwili umetulia, hana ugonjwa. Ulimi uliniwasha kumsahihisha, lakini ukigeuka mwalimu katikati ya mahojiano, kuanzia hapo utajibiwa kama mwalimu. Habari za kumrudia muuguzi na kile kifuko nilimwambia mwishoni.

Saa sita kasoro. Mvua. Juu ya mabati ya Majengo mvua haina mjadala. Nikazima kinasa sauti; dakika 10 za mwisho zilikuwa kelele tupu. Tukakaa tukiiangalia. Hapo ndipo alipoanza kuzungumza kweli. Nyumba iliyoliwa na lava Januari 2002. Kisha tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tena, watu walipoambiwa wahame mji, naye akashika njia ya kwenda mji wa Sake kwa miguu, kilomita kama 25, na mjukuu mgongoni.

"Wananiambia chumvi, chumvi. Tansio yangu haikutoka kwa chumvi. Ilitoka njia ya Sake. Niko na mawazo mingi."

Nikamwuliza kama naweza kuyaandika hayo, maana ridhaa aliyotoa ilikuwa ya kinasa sauti kikiwa kimewaka. Akafikiri kidogo. "Andika. Lakini jina la mtoto, acha."

Saa nane. Ugali wa fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, harakaharaka.

Saa tisa. Kunakili. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za vidole, na wengi hawaijui sehemu hii ya kazi. Kijana anayetutafsiria kwa Kifaransa ananionyesha mahojiano ya juzi: "niko na mawazo" ameiandika *j'ai des idées*, yaani nina mawazo ya kubuni mambo, wakati huku kwetu ni kuwa na mahangaiko.

"Umemfanya mhandisi," nikamwambia.

"Sasa niandike nini, mkubwa? *Soucis*?"

*Soucis*, yaani wasiwasi, ni karibu, ila haibebi usingizi uliokatika wala moyo unaodunda usiku. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tumeliacha "mawazo" lilivyo, kwa Kiswahili, ndani ya maandishi ya Kifaransa, na maelezo pembeni. Wakubwa watalalamika.

Saa moja jioni. Nyumbani, napitia daftari kwa tochi ya simu. Jina la yule mtoto nilikuwa nimeshaliandika, mvua ikinyesha, kabla sijaombwa. Nimelichora juu kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.