Kiwanja cha mita 460 chini ya mikorosho ya mjomba

Mjomba alipokiona kikapu cha kwanza kimesimama katikati ya shamba lake hapa Mikindani, Mtwara, alikizunguka mara mbili, akautikisa mnyororo, kisha akaniuliza: "Sasa mjomba, hiki ndicho ulichokwenda kusomea huko Finland?"

Nilicheka tu. Masomo yangu yalikuwa mengine, lakini miaka miwili niliyokaa Tampere niliingia kwenye mchezo wa gofu ya visahani na sikutoka tena. Badala ya kupiga mpira kwa fimbo, unatupa kisahani cha plastiki. Badala ya shimo, unalenga kikapu chenye minyororo. Kisahani kikitua, unatupia pale kilipotua, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kila kituo tunakiita shimo ingawa hakuna shimo hata moja, na watoto wa hapa hawajanisamehe kwa hilo.

Nilirudi na visahani sita ndani ya begi. Kiwanja kamili kina mashimo 18 na kinataka eneo kubwa. Mimi nilikuwa na kipande cha shamba la mikorosho ya zamani, iliyopandwa kwa mistari, mita 12 kutoka mti hadi mti. Nikapima kwa kamba nikapata mashimo tisa: fupi kuliko yote mita 38, refu mita 74, jumla mita 460. Kwa wanaoujua mchezo, hicho ni kiwanja cha kitoto.

Vikapu nilivipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale mjini. Ringi ya baiskeli juu, ringi nyingine chini iliyosukiwa nondo nyembamba iwe kama tenga, bomba katikati, minyororo ikining'inia. Kikapu cha kwanza alikikaza minyororo kama anafunga geti. Nikarusha kisahani palepale mbele ya banda, kikagonga na kurudi hadi miguuni kwa mteja wake. Ikabidi nimweleze: mnyororo lazima ulegee, kisahani kikija kikute kitu kinachorudi nyuma, kama wavu wa goli. Akaelewa mara moja. Zamani watu walikuwa wakilenga miti na nguzo tu; mnyororo ulikuja miaka ya 1970 na Mmarekani Ed Headrick, kwa sababu hiyohiyo ya kumeza kasi. Ukingo wa kikapu chetu tuliuweka kwenye sentimita 82 kutoka ardhini, kama vile vya mashindano. Fedha ilitosha vikapu vitatu. Mashimo sita yaliyobaki yalikuwa nguzo zilizofungwa kitambaa cha kanga kuukuu. Kisahani kikiigusa nguzo umemaliza.

Wiki za mwanzo ufupi ulinilipa kuliko nilivyotegemea. Tulianza baada ya sala ya alasiri na magharibi haikutukuta, hata tukiwa watu watano. Kila mchezaji alihitaji kisahani kimoja tu, kile cha kulengea, na hapo ndipo nilipowaokoa wageni wengi wa mchezo. Visahani vya mbali vina ukingo mpana wenye makali, vinataka kasi kubwa ya mkono. Mgeni akikitupa kinapinda kushoto na kujichimbia chini mita 20 mbele yake, naye anaamini hana kipaji. Kwenye shimo la mita 38 mtoto wa miaka kumi anafika kwa mitupo miwili, anatumbukiza kwa wa tatu, na huyo kesho anarudi. Halafu visahani havikupotea. Mtwara hakuna duka la kununua kingine, kwa hiyo kila kisahani kinachopotea ni msiba mdogo.

Mwezi wa pili wa kucheza nikachoka. Shimo ni mitupo mitatu kwa kiwango cha kawaida, yaani 27 kwa mzunguko wetu, nami nilikuwa namaliza kwa 19 huku nikipiga soga. Nikasema tatizo ni ufupi. Nikaliunganisha shimo la 5 na la 6 likawa la zaidi ya mita 110, nikajisikia mtaalamu. Siku hiyo watoto walikaa chini ya mti wakaanza kucheza bao la mchangani, na kisahani changu cha njano kikaingia kwenye mihogo ya jirani. Tulikitafuta siku mbili.

Aliyenifumbua macho ni kijana mmoja wa mashoto. Alilalamika kwamba mashimo machache niliyoyapinda yote yanapinda kushoto. Ni kweli. Mtu wa mkono wa kulia akitupa kwa kuanzia kifuani, kisahani kinapopungua kasi kinalala kushoto chenyewe. Nilikuwa nimejitengenezea kiwanja changu mwenyewe bila kujua. Mashimo mengine yote yalikuwa yamenyooka kwa sababu niliifuata mistari ya mikorosho kama trekta. Mtupo mmoja, mara tisa.

Basi vikapu na nguzo nikaviacha palepale, nikahamisha sehemu za kutupia. Shimo la 2 sasa unatupa kimshazari, mkorosho umekaa katikati, na ni lazima kisahani kipite kulia kwake. La 7 unapita chini ya tawi lililolala, urefu wa kifua. Ukirusha juu umekula majani. La 5 likarudi kwenye mita zake 74. Mita hazikuongezeka ila chache za mshazari, lakini mimi nikapanda kutoka 19 hadi 25, na yule wa mashoto akanifunga mara tatu mfululizo, naye hakulinyamazia.

Julai mikorosho ikatoa maua, mjomba akaniita. Hakugomba. Alikuwa ameshika kishada cha maua yaliyovunjika kiganjani, akanionyesha kimya, kisha akasema, "Hizi ni kilo zangu." Sikuwa na la kujibu. Watu wa mbali wanadhani mkorosho ni mti tu wa kivuli. Tukakubaliana kwamba maua yakianza hadi mavuno yaishe, hakuna kisahani shambani, na siku za kupuliza dawa ya salfa hata mimi sitii mguu.

Hapo udogo wa kiwanja ukaniokoa tena. Vikapu vilikuwa vimesimikwa kwenye ndoo za zege ili vihamishike, kwa sababu nilijua mnyororo ukilala nje utaibwa uamkie kwenye chuma chakavu. (Nilijua kwa sababu wa kikapu kimoja ulikwenda hivyo.) Tukabeba kila kitu kwa toroli, safari mbili, tukapanga upya kwenye minazi karibu na ghuba. Huko hakuna matawi ya kukwepa, lakini kusi linavuma, na mita 50 dhidi ya upepo si mita 50. Upepo wa mbele unakifanya kisahani kijione kina kasi kuliko ulichokipa, kinageuka kulia na kupaa. Changu kiliishia mikokoni, maji yamejaa. Tulisubiri yapwe, tukakikuta tope limekishika kwa ukingo.

Kasoro moja nimeshindwa kuiponya. Shamba dogo halina pa kukwepea watu, na shimo la 4 liliikata njia ya miguu. Kisahani kilimpita bibi mmoja karibu na sikio. Nilimwomba radhi kwa magoti. Tangu hapo anayetupa anapaza sauti "Kichwa!" na kungoja, na shimo lenyewe nimelifupisha hadi mita 31 ili lisiifikie njia. Ni bovu, halina kitu cha kufikiria, mtoto yeyote analimaliza kwa mitupo miwili.

Bibi bado anapita njia ile. Tukimwamkia shikamoo anaitika marahaba, anatua ndoo yake, anasimama kando na mkono kiunoni. "Haya, tupeni kwanza," anasema, "nione kama leo mtaingiza."