Siku moja Lisbon na mke wangu wa Malindi

Mimi mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, nimekulia hatua chache tu kutoka Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, na mke wangu ni wa Malindi. Nayasema haya mapema manake bila kuyajua hamtaelewa kwa nini tulitaniana mpaka tukakodolewa macho ndani ya kanisa la watu huko Ureno.

Siku hizi tunaishi Uingereza, na mwezi wa tisa tukaona tiketi za Lisbon zimeshuka, watoto tukawapeleka kwa shangazi yao, tukasema twende tukalale usiku mbili, yaani siku yenyewe ya kutembea ni moja tu. Hoteli nilichukua upande wa Martim Moniz makusudi, hapo kuna Rua do Benformoso, mtaa wa Wabangali umejaa maduka na mikahawa ya halali, nikajua hata siku ikiharibika hatutalala njaa.

Asubuhi mpango ulikuwa kupanda ile tramu ya manjano namba 28 ambayo kila mtu anaisifu, inaanzia hapo hapo. Tumefika saa tatu kasorobo, foleni lo! Na wenyeji wenyewe, bibi wazee na mikoba yao ya sokoni, wamebanwa na watalii hawana pa kukaa. Mke wangu akaniangalia akasema, "Bwana wee, mimi sikuja Ulaya kugombania matatu." Tukaiwacha. Tukaenda kwa miguu mpaka Praça da Figueira tukachukua tramu namba 15, inafuata mto Tejo mpaka mtaa wa Belém, na hivyo ndo tuliokoa asubuhi yetu.

Belém kitu cha kwanza ni tumbo. Kuna duka la Pastéis de Belém, linauza vile vikeki vya maziwa na mayai tangu 1837, nje utaona foleni mpaka ukate tamaa lakini ile ni ya wanaobeba, wewe ingia ndani, kuna vyumba nyuma ya vyumba na viti tele. Vinakuja vya moto, juu vimeungua kidogo, unanyunyiza mdalasini mwenyewe. Tuliagiza vinne, tukaongeza vinne, na mke wangu akatoa hukumu kwamba vinataka hiliki. Sikubishana, kwetu pwani kila kitu kinataka hiliki.

Hapo karibu ndo kuna Jerónimos, nyumba ya watawa iliyojengwa miaka ya 1500 kwa pesa za ushuru wa viungo na biashara ya Afrika na Bara Hindi. Sisi tuliingia kanisani peke yake. Nguzo zimesimama kama minazi, zinapanda halafu zinafunguka juu. Na ukiingia tu, mkono wa kushoto, huyo hapo Vasco da Gama, yule baharia wa Kireno, kalala juu ya kaburi la jiwe, viganja kavikutanisha kama mtu mwema, na ubavuni mwa kaburi pamechongwa jahazi. Alikufa Kochi, Bara Hindi, 1524, mabaki yake yakaletwa humo 1880.

Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, "Msalimie mgeni wenu." Si historia tunaijua, alipofika Mombasa mwezi wa nne 1498 wazee wetu hawakumuamini hata kidogo, akang'oa nanga akaenda Malindi, na Malindi wakampokea kwa shangwe wakampa na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Nikasema, "Nyinyi ndo mlomuonyesha njia."

Akanijibu bila hata kugeuka, "Sisi tulimkirimu mgeni. Nyinyi mlomfukuza ndo mkajengewa gereza."

Nilicheka mpaka mlinzi akanikazia macho. Wallahi sikuwa na jibu, Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na Waomani walikuja kuwatoa Wareno 1698, na neno lenyewe gereza tumelitoa kwa igreja, yaani kanisa kwa Kireno, kwa hivyo hapo tulipokuwa tumesimama ndo gerezani hasa. Kosa langu nikamuonyesha na kaburi la upande wa pili, la Camões, mshairi wao mkubwa, ambaye katika utenzi wake wa 1572 mfalme wa Malindi kamsifu na watu wa Mombasa kawafanya wasaliti. Basi siku nzima ikawa ndo wimbo.

Mnara wa Belém na lile sanamu kubwa la mabaharia la 1960 tulipiga picha tukapita.

Mchana tukapanda mtaa wa Alfama, vichochoro kama vya Lamu ila vina ngazi, na mawe ya chini yamesuguliwa yanateleza vibaya, vaeni raba msijitie urembo. Tukakaa mkahawa mmoja tukaagiza dagaa wakubwa wa kuchoma. Kabla hawajafika kijana akaleta mkate, zeituni na jibini, mimi nikasema mashallah, ukarimu, tukamaliza vyote. Kumbe huko hivyo vina bei, usipovigusa hulipi, ukigusa vinaingia kwenye bili! Dagaa walikuwa watamu lakini zile zeituni bado ziko kooni.

Kitu kilichonigusa mimi kilikuwa kwenye kiduka cha vitambaa. Wanauza vitambaa vimetariziwa mioyo na ndege na maneno ya mapenzi, vinatoka kaskazini mwa Ureno, zamani msichana anashona anampa anayempenda. Kinaitwa lenço. Mke wangu alikuwa kajitanda leso yake sababu ya upepo, akaishika, akasema, "Hii?" Muuzaji akasema ndiyo, lenço. Leso, na ina jina lake kabisa, yaani maneno, kama zetu! Na akatwambia maneno mengine yameandikwa kimakosa makusudi, kwa vile wale wasichana waliandika walivyotamka. Tukanunua kimoja, bei sisemi.

Jioni, tushaangalia jua likizama kule Graça, miguu imekwisha, tukarudi Benformoso kula kuku wa piri-piri (neno letu hilo, pilipili, wamelibeba wakaturudishia). Tukatoa salamu, tukakaa, mara mzee mwenye mkahawa akaweka sahani ya sambusa mezani. Mimi na moto wa zile zeituni nikaisukuma haraka, hapana hapana, hatukuagiza. Mzee akacheka, akasema ni bure, ya wageni.

Mke wangu akaivuta sahani kwake. "Ndo tabia yenu Mombasa," akasema, na sambusa ishaingia mdomoni.