Siku moja na kava ya tapeti inayovuja

Saa 2:00 asubuhi. Gari linaingia na harufu ya oili iliyoungua, moshi mwembamba ukichungulia pembeni mwa boneti. Mama mwenye gari kashaambiwa kwingine kwamba sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili upande wa gia boksi, imekufa, kwa hiyo gia boksi ishushwe. Kazi ya siku nzima hiyo, kama si mbili.

Saa 2:30. Tochi kwanza, spana baadaye. Oili huteremka, kwa hiyo natafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Naikuta nyuma ya injini, kwenye ukingo wa kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Kutoka hapo inamwagikia manifodi ya egzosi, bomba la moto la kutolea moshi wa injini, ndiyo maana ya moshi, kisha inashuka hadi pale injini inapoungana na gia boksi. Sili ya krenki imesingiziwa.

Saa 3:00. Naiacha injini ipoe, nabadilisha breki za gari jingine.

Saa 4:30. Natoa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, kila moja na alama yake. Mashimo mawili ya plagi yamejaa oili. Kumbe ndiyo sababu mama alisema gari linakohoa likipanda mlima! Kava inagoma kutoka. Aliyenitangulia alipaka silikoni kuzunguka kote, juu ya gasketi kuukuu, ule mpira unaoziba kati ya kava na injini. Sijui nani alitufundisha mafundi kwamba silikoni ni dawa ya kila kitu. Inayozidi hujiminya kwa ndani, ikakatika vipande, ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Gasketi yenyewe imekauka kwa joto; nimeikunja kidogo tu, ikavunjika kama kijiti.

Saa 6:00. Kusafisha, na hapa ndipo muda unapoliwa. Kijana wangu ananyoosha mkono kuchukua bisibisi akwangue, namdaka. Alumini ikichubuka, mchubuko huo ni njia mpya ya oili. Tunatumia kipande cha plastiki, tambara na dawa ya kusafishia breki, matundu ya injini tumeyafunika.

Saa 8:00. Natoa vali ya kupumulia injini, naitikisa. Ya aina hii huwa inagonga ndani ikiwa nzima. Hii kimya, imeganda kwa uchafu. Mvuke ukikosa pa kutokea, presha inaisukuma oili kwenye gasketi. Ningeweka gasketi mpya na kuiacha vali hii, gari lingerudi.

Saa 9:00. Gasketi inakaa kavu, pamoja na sili mpya za mashimo ya plagi. Silikoni ni tone tu kwenye zile kona mbili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi. Bolti nakaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa mikupuo miwili, hadi Nm 10 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) za injini hii. Zamani niliwahi kukaza bolti kama hizi kwa kusikilizia mkono. Moja ilikatikia ndani, nikakesha nikiitoboa.

Saa 11:00.
"Fundi, si umeshamaliza? Niwashie niende."
"Bado, mama. Silikoni haijakauka. Tyubu inasema saa 24."
"Kwa matone mawili?"
"Kwa hayo hayo mawili."
Anachukua mkoba wake kwenye kiti bila kuniaga.

Saa 12:00 jioni. Kijana anatandika boksi safi chini ya injini. Kesho tukiwasha, tutalitazama hilo kwanza.